Egesho la Mtambo Mbele ya Mlango Wangu

Jumatatu, 1 Julai 1991

Landrova ya watu wa ujenzi imesimama mbele ya hoteli yangu tangu asubuhi. Wametoa ile kamera yao ya miguu mitatu. Wanapima kona. Wanapima nyaya za umeme kwa fito ndefu. Wamepima hadi kalavati, mtu mzima kaingia ndani akatoka na utando wa buibui kichwani. Hakuna aliyebisha hodi wala kunieleza kitu.

Mkubwa wao anaitwa Injinia Humphrey. Saa ya chai ikafika. Nikatandika kitambaa kipya mezani, nikasimama mlangoni nikitabasamu. Injinia akanitazama, akanipungia mkono, akavuka barabara kwenda kunywa chai kwa Yahaya!

Yahaya ni jirani yangu wa ng'ambo. Enzi za foleni za sabuni hoteli hapa ilikuwa yangu peke yangu. Mteja alikula nilichompa na akashukuru. Sasa kila kitu ruksa. Yahaya naye akafungua hoteli, akaipaka rangi ya kijani, akaanza kuwasalimia abiria kwa majina yao. Majina ya abiria ameyajuaje? Hilo nimelichunguza mwaka mzima na sijapata jibu.

Mke wangu Wema kapata habari bombani. Kuna mtambo wa umeme umeshushwa bandarini Tanga, unakwenda kaskazini. Mzito kuliko tembo wote wa Mkomazi. Tela linaloubeba lina matairi kama miguu ya jongoo, na linatembea mchana tu, mwendo wa bibi harusi. Jumamosi litalala hapa Same pamoja na msafara wake wote, madereva, utingo, mafundi na polisi. Kwa hiyo linatafutiwa egesho. Na egesho likichaguliwa limechaguliwa, maana barabara yote inachorwa upya ili mizigo mikubwa ya namna hii ipite na kupumzika.

Nimeelewa haraka. Mwenye egesho mbele ya mlango wake atauza chakula mpaka aingie kaburini. Asiye nalo atafunga. Wema amesema waziwazi kwamba tukifunga yeye anarudi kwao Vudee kulima maharage, na mimi nibaki na meza zangu.

Jumanne, 2 Julai

Vigingi! Vimepigwa upande wangu, kuanzia kwenye kona hadi karibu na ngazi za mlango. Vina vichwa vyekundu. Katika maisha yangu sijaona serikali ikipaka kitu rangi nyekundu kwa nia njema. Nyumba ya shangazi yangu ilichorwa alama nyekundu, na haikumaliza wiki ikawa kifusi.

Nikamwendea injinia, nikamwuliza kwa upole kama ninabomolewa. Akasema nitulie, anapima udongo kwanza, kisha atanieleza vizuri. Akachimba kidogo palepale ninapokanyaga kila siku, akatia udongo kwenye mfuko, akaufunga. Udongo wa unyayo wa mtu! Kwetu Upareni kitu hicho hakichukuliwi hivihivi.

Jambo liko wazi. Chai wanakunywa kwake, vigingi wanapiga kwangu. Mimi nibomolewe, lori lilale kwa Yahaya.

Jioni Yahaya alipokwenda kuswali magharibi, niling'oa vigingi vyote nikavipiga upande wake. Nimevinyoosha kuliko walivyovinyoosha wao. Abomolewe yeye!

Jumatano, 3 Julai

Yahaya anacheka. Tangu alfajiri anacheka! Nikamtuma Wema akachunguze. Amerudi akiniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda. Vigingi havibomoi mtu, amesema. Vigingi ndiyo egesho lenyewe.

Ilinibidi nikae chini. Egesho lilikuwa langu, na kwa mikono yangu miwili nimempelekea Yahaya.

Lakini Mungu si Athumani. Injinia alifika, akavitazama vigingi, akakuna kichwa. Akawauliza watu wake nani kavihamisha. Wote wakaapa. Mimi nilikuwa napangusa dirisha kwa bidii. Akapima tena, akasema upande wa Yahaya hauwezekani hata kwa dawa. Kule ni udongo mweusi unaonata, tela litazama hadi ekseli. Upande wangu ni moramu, udongo wa changarawe, mgumu kama sakafu, ndiyo maana aliuchagua. Vigingi vikarudi kwangu. Nilitaka kumkumbatia.

Kisha akanishika bega. Akasema, Mzee Nicolaus, nakuomba kitu kimoja tu: usiguse. Usichimbe, usisawazishe, usilete mchanga. Ardhi hii imejishindilia yenyewe kwa miaka, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Nisiguse? Kwa nini nisiguse? Mtu mwenye nia njema humwambia mwenzake atengeneze. Nimewaza hadi mchana. Kiwanja changu kina mgongo katikati na kisiki cha mgunga pembeni. Msafara utakiona kibaya, utageuza macho, na huko ng'ambo kuna rangi ya kijani. Hilo neno "usiguse" ni la Yahaya, injinia kapewa alitamke tu. Thubutu! Nitakisawazisha kiwanja mpaka kiteleze.

Tatizo ni mikono. Vijana wa mjini siku hizi hawainui jembe kabla ya kulipwa. Lakini huko Vudee bado kuna msaragambo. Mbiu ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyefika anatozwa faini. Anayewaongoza ni Mzee Clemence, mjomba wa Wema. Napanda mlima sasa hivi.

Alhamisi, 4 Julai. Kisiwani

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Nitaeleza kwa mpangilio.

Jana nilimwamkia Mzee Clemence, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba na kuuliza kilichonileta. Nilijua nikitaja lori hatatoka mtu. Mpare haachi maharage shambani kwa ajili ya lori la watu wengine. Basi nikasema maji. Nikasema ninatoa kiwanja changu kwa shughuli ya maji ya wananchi, na kinahitaji kuchimbwa. Mzee alinishika mikono yote miwili. Akasema miaka yote hii hakujua kama mkwe wao nina moyo. Machozi yalimlengalenga. Nilijisikia vibaya, lakini si sana.

Leo asubuhi wakashuka. Umati! Majembe, sururu, makarai, akina mama na nyimbo zao. Nikawaonyesha vigingi, nikawaambia wachimbe ndani ya mpaka ule na wasiache mpaka nirudi. Watu wa kazi ukiwaachia nafasi ya kupumzika watakwenda kwa Yahaya na kumwaga siri.

Kisha nikateremka huku kijiji cha Kisiwani kununua mbuzi wa kulisha msafara kabla Yahaya hajawamaliza. Mfugaji, Amiri, ameapa hajamwona Yahaya tangu mwezi wa Ramadhani. Ameapa upesi mno. Nimechagua mbuzi wawili wanene, tukaanza safari ya kurudi, na hapa njiani springi ya gari imekatika. Dereva anasema mpaka kesho. Nikamwuliza kama anamfahamu Yahaya wa Same. Amesema nani asiyemfahamu Yahaya? Nilijua!

Ijumaa, 5 Julai



Niliposhuka garini na mbuzi wangu alasiri, sikuona kiwanja. Niliona shimo. Si shimo tu, ni ndiva! Ndiva kamili, kama zile za juu milimani za kukusanyia maji ya mashamba. Ina kingo, ina mlango wa kutolea maji, ina ngazi za kuteremkia. Mtu akisimama chini huoni hata kofia yake. Na walikuwa bado wanachimba, maana nilikuwa sijarudi!

Mzee Clemence akanipokea kwa shangwe, akina mama wakapiga vigelegele. Alisema ardhi ilikuwa ngumu ajabu, sururu zimepinda, lakini hawakukata tamaa kwa sababu mkwe aliagiza. Nikamwuliza ni nani aliyewaambia wachimbe ndiva. Akashangaa. Mtu akitoa kiwanja kwa ajili ya maji, kuna kitu kingine cha kuchimba?

Sikupoteza akili. Nikauliza udongo umewekwa wapi, ili turudishe harakaharaka. Mzee akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Walikosa pa kumwaga, akasema, na yule kijana Yahaya ana adabu sana, aliwaambia wamwage kwake kwa kuwa kuna tope, akawaletea na chai. Wakamwaga. Na kwa kuwa msaragambo hauachi udongo umelegea, wakaushindilia kama wanavyoshindilia kingo za ndiva. Tabaka moja, maji kidogo, wote wapande juu waimbe na kukanyaga, kisha tabaka lingine. Wameimba siku mbili. Moramu yangu yote!

Injinia Humphrey akafika wakati huohuo. Alisimama ukingoni, akachungulia chini. Kisha akaniuliza kama nilimsikia siku ile aliposema nisiguse. Nikasema nilimsikia. Akavuka kwa Yahaya, akapiga nondo chini kwa nyundo. Nondo haikuingia. Akapiga tena kwa nguvu zote. Akaanza kucheka peke yake, akawaita watu wake wahamishe vigingi.

Mzee Clemence ameaga kwa kuniombea baraka mbele ya watu wote. Nimeitikia amina, maana mkewe mjomba alikuwa ananitazama.

Jumamosi, 6 Julai

Limefika. Sitaki kuandika, lakini naandika.

Polisi wa pikipiki mbele, kisha watu wa fito ndefu wakiinua nyaya za umeme, kisha lenyewe. Nyumba inayotembea! Kwenye kona lilisimama, likarudi nyuma kidogo, likapinda taratibu, injinia akikimbia huku na huku akipunga kitambaa. Lilipita kando ya ndiva yangu huku watu wote wakibana pumzi. Mimi niliomba litumbukie. Mungu anisamehe, niliomba kwa sauti.

Halikutumbukia. Liliingia kwa Yahaya, likatulia, na ardhi haikubonyea hata kidogo. Udongo wangu huo! Niliuonea fahari na uchungu kwa pamoja, kama baba anayeona mwanawe akishangiliwa katika timu ya adui.

Msafara wote umekula kwa Yahaya. Akatuma mtu kuniomba mbuzi, kwa bei ambayo nitataja mwenyewe. Nitaje mwenyewe? Mtego huo. Nikakataa. Jioni nimekwenda kuwalisha, hawapo. Wema amewauza na hataki hata kulizungumzia.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Tela limeondoka. Injinia amepiga bango: egesho la magari mazito. Limeelekezwa ng'ambo. Mbele yangu kuna ndiva isiyo na maji, na wateja wa basi la asubuhi waliizunguka kwa uangalifu ili wafike kwa Yahaya.

Baada ya swala ya adhuhuri Yahaya alikuja mwenyewe na sahani ya pilau. Alibisha hodi, akavua viatu. Akasema amekosa usingizi. Egesho limekaa juu ya udongo wangu, na si haki ale peke yake. Tena madereva wanataka makande, na mkewe Safia hawezi kuyapika yakafikia ya Wema. Tuunganishe majiko. Tuandike majina yetu wote wawili ukutani, akasema, hata langu likitangulia.

Nilimtazama machoni. Hakupepesa. Mwongo wa kawaida hupepesa, huyu amekwishabobea. Nikamwambia asante, sihitaji. Pilau nikampa mbwa. Mbwa kala, kalamba sahani, kalala kwa amani, na hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi.

Nina mpango. Nitapanda tena Vudee. Nitamwambia Mzee Clemence kwamba tunataka kujenga kanisa, tunahitaji kifusi, na kifusi kizuri kiko ng'ambo ya barabara. Watauchukua udongo wangu wauvushe, wajaze ndiva, waimbe, washindilie. Nitawaambia wasiache mpaka nirudi, maana nitakuwa Kisiwani kumhoji vizuri yule Amiri.

Nilimweleza Wema. Hakungoja nimalize. Alichukua sufuria kubwa, mwiko na mfuko wa mahindi, akajitwika, akavuka barabara. Alisema anakwenda kupika na Safia kuanzia leo, na mimi nikichoka na hasira zangu nivuke nikale. Namsikia anacheka huko. Harufu ya makande yake inaingia hadi hapa nilipokaa.

Mwanzoni iliniuma sana. Kisha nikaelewa, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimetabasamu. Sasa nina mpelelezi ndani ya jiko la Yahaya! Nimefunga hoteli, hakukuwa na mteja, nikawasha taa na kumsubiri Wema aje kunipa taarifa. Hajarudi bado. Kazi ya upelelezi haitaki haraka.