Marejeo Thelathini na Manne ya Docta Farida

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimepata kazi ya heshima. Docta Farida ameandika makala juu ya kipindupindu cha Kibumba: jinsi akina mama wa huko walivyogawa maji ya chumvi na sukari nyumba kwa nyumba, kabla mgonjwa hajafikishwa kituoni. Jarida moja la utabibu la ng'ambo limemrudishia. Si kwa sababu ya ukweli wake. Kwa sababu ya marejeo! Orodha ya maandishi aliyoyatumia haikupangwa wanavyotaka wao. Wamempa hadi Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo faili inafungwa, na miaka miwili ya kazi imepotea.

Nimejitolea mbele ya watu. Mwaka jana mwanamke huyu alikaa na Domitille wangu siku tatu, akimtundikia serumu ya mshipani chupa kwa chupa, mpaka mke wangu akafungua macho na kunigombeza. Tangu siku hiyo natafuta namna ya kushukuru. Nilimpelekea kuku, akampa mlinzi. Nilimwandikia barua ya kurasa kumi na moja. Anasema bado anaisoma.

Docta alisita. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi ya namna hii. Nikamjibu kwamba mutu aliyeandika barua za wazi arobaini hawezi kushindwa na koma.

Jumanne, 10 Machi

Maagizo ya jarida ni kurasa tisa. Nimeyasoma yote, damu imechemka. Marejeo yapewe namba kadiri yanavyotajwa ndani ya makala. Anayetajwa kwanza ni namba moja, hata kama ni mwanafunzi wa juzi. Jina la ukoo na herufi moja, basi. Hakuna Profesa. Hakuna Monsinyori. Katika orodha ya Docta, profesa mmoja wa Bukavu mwenye miaka themanini amewekwa ishirini na tisa, nyuma ya vijana wawili walioandika juu ya vyoo. Hapa kwetu, hata kwenye harusi ya watu maskini, mtu wa protokole anajua nani anakaa kiti cha mbele. Akikosea, soda hazinyweki.

Tena kuna Darius. Karani wa takwimu wa kituo cha afya cha Docta, shati limepigwa pasi hata mgongoni. Ana programu kwenye ordinateri yake inayopanga namba yenyewe. Ukisogeza sentensi, namba zinasogea nayo. Aliniambia akitabasamu kwamba ni kazi ya dakika kumi, Papa Aubin anywe chai tu. Nikamwambia mashine haijui mkubwa wala mdogo. Akajibu kwamba ndiyo maana haigombani na mutu. Wauguzi walicheka. Jina lake nimeliandika mahali.

Jumatano, 11 Machi

Mpango umeiva. Nimepanga marejeo upya kwa cheo na umri: maprofesa wastaafu, maprofesa, madaktari wakuu, madaktari, wengineo. Marehemu wamewatangulia walio hai, kama inavyostahili. Vyeo vyote vimerudi. Ili programu ya Darius isiniharibie, nimenakili kila kitu kama maandishi ya kawaida na kukihifadhi juu ya faili ya zamani. Mashine yake haina tena pa kushika.

Namba zilizo ndani ya sentensi sikuzigusa. Sentensi ni za Docta. Mimi si mwizi.

Domitille aliuliza kwa nini nimesoma makala zote thelathini na nne, neno kwa neno, ilhali nimepewa kazi ya koma. Nikamwambia huwezi kumketisha mgeni usiyemjua. Mwishoni nimeongeza kijitabu changu juu ya mabomba ya maji ya mtaa wetu. Kwa unyenyekevu nimejiweka wa mwisho. Nilipiga mluzi njia nzima hadi mtaa wa Katindo.

Alhamisi, 12 Machi

Siku ya aibu. Docta alisoma makala kwa sauti mbele yetu. Panaposema watoto walikunywa maji yale bila kutapika, pana namba saba. Namba saba sasa ni bingwa marehemu wa kuchimba vyoo. Kipimo cha chumvi kinathibitishwa na namba mbili, yaani padri aliyeandika historia ya hospitali za misheni.

Docta hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza polepole, kama anavyomwuliza mgonjwa, faili ya zamani iko wapi. Haiko. Kwenye barua pepe imebaki nakala ya mwaka jana yenye marejeo ishirini tu. Darius akafungua programu, akaifunga. Akasema humu hakuna tena cha kupanga. Kisha akaniuliza: muzee, marehemu wamekaa vizuri?

Niliomba radhi mara moja. Nyumbani Domitille alisema mwanamke huyu alimtoa yeye kaburini, na mimi ninamsukuma humo humo.

Ijumaa, 13 Machi

Saa mbili asubuhi, watatu mezani. Docta anasoma sentensi, mimi nasema inatoka makala gani, Darius anaiingiza kwenye programu. Nani mwingine Goma hii aliyezisoma zote wiki hii? Darius alinitega kwa sentensi ya ukurasa wa tisa. Nikamtajia makala, mwaka na jedwali. Akaacha habari za marehemu.

Tulipofika sentensi ya kumi na nane nilikataa kuendelea. Makala inayotajwa pale haisemi hivyo. Inasema kinyume. Docta akabisha, nami nikabisha zaidi, tukaifungua. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema: Papa Aubin, hii ingenivua nguo mbele ya watu. Akabadilisha sentensi.

Saa sita kasoro dakika nane, imetumwa. Vyeo vyote vimefutwa. Profesa wa Bukavu amerudi ishirini na tisa, nilifumba macho. Kijitabu changu Docta alikiondoa kwa kidole kimoja, bila kuuliza.

Darius alinigawia nusu ya chapati yake. Nimelifuta jina lake.

Jumatano, 18 Machi

Jarida limejibu. Faili imekamilika, sasa inakwenda kwa wataalamu wao kupimwa. Docta alinisomea kipande cha mwisho, cha shukrani, alichokiongeza siku ile bila kuniambia: wanamshukuru A. Bahizire, aliyesoma kila rejeo. Nilikwenda kushukuru, nimeshukuriwa mimi. Domitille alilia kidogo, kisha akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki.

Docta ameniomba jambo moja tu, nisiiguse tena faili ile. Nimekubali kwa moyo wote, na nimetimiza. Sikuigusa.

Nimewaandikia tu wahariri wa jarida. Barua ya adabu, kurasa sita. Nimewaeleza kwamba mwanamke aliyewaletea kazi hii hawezi kuitwa kwa jina la ukoo na herufi moja, na kwamba mzee wa miaka themanini hasimamishwi nyuma ya vyoo. Kila hoja ina rejeo lake. Marejeo ni kumi na saba, nimeyapanga kwa umri. Imeondoka leo saa kumi alasiri. Docta sijamwambia. Shukrani ya kweli haitangazwi.