Wiski Isiyo na Moshi ya Papa Kataliko

Jumatatu, 3 Novemba

Orodha ya mahari imefika. Mbuzi wawili, vitenge sita, sawa. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa Papa Kataliko mwenyewe: chupa moja ya wiski ya Uskoti, malti tupu, yaani ya shayiri peke yake, isiyo na moshi. Fortunée, mchumba wangu, ananieleza kwamba Waskoti wengine hukausha shayiri yao kwa moshi wa udongo mweusi unaowaka. Baba yake hautaki moshi huo hata kwa mbali. Jumapili ataniuliza ninaonja nini. Nikishindwa, Pierre wa kwaya naye keshapeleka barua ya posa. Pierre! Mtu anayekohoa akinywa bia!

Jumatano, 5 Novemba

Chupa imeshuka na ndege kutoka Kinshasa. Najua desturi: chupa ya wakwe hufunguliwa mbele ya wakwe, na aliyeileta hunywa wa kwanza, wote waone haina sumu. Lakini nitaelezaje ladha nisiyoijua? Nimefungua. Kijiko kimoja tu.

Mwanzo, tofaa. Katikati, asali na biskuti. Mwisho, ubao uliorandwa leo. Mama yangu! Vijiko vitatu zaidi, kwa uhakika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimehakikisha tena. Chupa imepungua vidole vinne! Mbio kwa Mama Émilie, anayepika lotoko, ile pombe kali ya mahindi, nyuma ya soko. Vidole vinne vya lotoko, matone ya chai kwa rangi, gundi kwenye kizibo. Hata aliyeitengeneza hatajua.

Jumapili, 9 Novemba

Aibu. Sebule imejaa, na Pierre kaalikwa. Papa Kataliko akavuta kizibo. Hakikutoka. Akavuta tena, mishipa ikamsimama shingoni. Tonton, mjomba na msemaji wangu, akaanza kutazama viatu vyake. Hatimaye kikatoka.

Papa akamimina. "Bon, mukwe, weye wa kwanza."

Nikanywa. Nikataja tofaa, asali, ubao. Yeye akanusa. Akanusa tena.

"Hii iko na moshi ya kuni! Donc, walipikia hii mu jiko ya nani?"

Mama Émilie hupikia kuni! Sikulifikiria hilo hata kidogo. Papa akapapasa gundi kwenye kizibo, akasema mtu anayefungua chupa ya wakwe njiani anaweza kuweka chochote ndani. Nikakiri yote, hata idadi ya vijiko. Fortunée alilia. Nililia pia. Pierre aliendelea kula ndizi za makemba.

Papa alinusa glasi tena. Kisha akauliza kama kweli nilisikia tofaa. Nikaapa. Akasema pua ninayo, akili bado. Jumapili ijayo nilete nyingine, haijaguswa, la sivyo Pierre atajibiwa barua yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Chupa mpya imefika. Fortunée ameniapisha mbele ya Bikira Maria nisiifungue. Sifungui! Nampenda mno.

Ila kama hii haina tofaa? Nitasema nini mbele ya Pierre? Jirani yangu Nadia, muuguzi, amenipa sindano ndefu ya hospitali, ya kuvutia dawa. Inapita katikati ya kizibo, wala haiachi alama. Kwa hiyo sijafungua chochote. Tofaa lipo.

Vidole viwili tu. Na lotoko ya safari hii nimeichuja kwa makaa kabla ya kuidunga ndani, moshi utoke.