Daktari wa Wanyama na Chumba chenye Dirisha

Jumatatu, 6 Oktoba

Waraka umebandikwa saa mbili na robo asubuhi. Nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeukinga kwa mgongo ili Mkutubi asiuone. Ameuona.

Kitengo chetu cha Masomo ya Wanyama na Jamii kimeagizwa kushirikiana na watu wa nje wanaotetea wanyama. Anatafutwa mratibu wa kuziunganisha pande hizo mbili. Mkuu wa Kitivo atamteua Ijumaa saa nne, baada ya kuona nani ameunganisha nini. Mratibu atapewa chumba namba tano, ghorofa ya chini. Chumba namba tano kina dirisha.

Niandike hali halisi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiwa karani hapa. Meza yangu iko njiani, kati ya mlango wa choo na ndoo ya maji ya kunywa. Kila anayenisalimia ana haraka. Tuna wasomi sita wanaochunguza jinsi binadamu anavyomfikiria mnyama. Mnyama mwenyewe hatunaye. Kulikuwa na paka wa stoo, akahama.

Mpinzani ni mmoja tu, Mkutubi. Huvaa tai hata siku ya kufagia, na hunirudishia stepla ikiwa tupu. Leo amesema kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba kuunganisha watu kunataka mtu aliyezoea kupanga vitu. Nimemjibu kwamba vitabu havijawahi kumbishia. Amesema hata mimi sijawahi, huwa nanung'unika tu.

Nimenunua daftari jipya. Mpango Na. 1: shemeji yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu na ni katibu wa Chama cha Kutetea Wanyama. Ofisi yao ni banda la mabati nyuma ya karakana ya baiskeli. Uani kuna matope hata wiki isiyo na mvua. Sababu haijulikani.

Aliponiona aliuliza kama nimepotea njia. Nikasema nimekuja kumjulia hali tu. Akasema hali yake ni njema, sasa niseme ninachotaka.

Kabla sijasema, akanionyesha punda. Kasimama kwenye matope, mguu wa mbele kulia kaunyanyua kidogo, kama mtu anayeogopa kukanyaga sakafu iliyopigwa deki. Ni wa Muuza Maji, yule wa mkokoteni wa madumu. Anachechemea wiki ya pili. Muuza Maji amesema asipopona, Jumamosi anamtoa kwa mnunuzi wa ngozi. Shemeji amempigia simu daktari wa wilaya mara tano, ameambiwa yuko safarini.

Halafu akaniuliza, na hapa nayanakili maneno yake vilevile: huko chuoni kwenu hamna daktari wa wanyama?

Nikafikiri. Tunaye Daktari. Tasnifu yake ni ya kurasa mia nne na kumi na mbili, yote juu ya punda. Naijua, niliipiga chapa mimi. Ni daktari. Wa wanyama. Nikajibu kwamba tunaye, na kwamba ametumia miaka tisa kwa punda peke yake.

Shemeji alinishika mikono yote miwili. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yangu hajawahi kunishika hata mmoja. Alisema hakujua kwamba nina faida.

Sikusema uongo. Nimelipitia jibu langu neno kwa neno njia nzima ya kurudi, na uongo haumo.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya kazi nyingi. Naziandika kwa mpangilio.

Saa mbili: nimemweleza Daktari kwamba watetezi wana hamu kubwa ya kumsikia, na kwamba kuna suala la mguu. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa. Amesema suala la mguu limepuuzwa sana na wasomi. Nimesema na huko uani pia. Atakuja kesho saa tisa, na ataandaa kitu. Nimemwambia asisahau mkoba. Daktari mwenye mkoba hutia moyo.

Saa nne: Mkutubi amepanga meza ya maonyesho mlangoni mwa maktaba. Vitabu kumi na vinne na tembo wa mbao. Anauita huo muunganisho. Hadi saa saba wamefika watu wawili, mmoja akiulizia choo.

Saa nane: tembo ameonekana amelala ubavu. Haijulikani nani kamwangusha. (Mimi.)

Saa tisa: nimeanza kuhamia namba tano. Hoja yangu ni kwamba Ijumaa Mkuu akikuta tayari kuna mtu, ataona taabu kumtoa. Nimetoa viti vibovu ishirini na vitatu. Nimefagia. Nimepiga deki mara mbili, nimefuta dirisha kwa gazeti. Sakafu imekauka vizuri, chumba kinapata hewa. Nje kuna majani mabichi hadi ukutani.

Saa kumi: nimepigilia kibao mlangoni. MRATIBU. Herufi kubwa, rangi nyeupe. Nilikichora Jumatatu.

Mke wangu ameuliza kwa nini nanuka sabuni. Nimemweleza yote. Akauliza kama dada yake anajua Daktari ni daktari wa nini. Nimemwambia asianze.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika mguu ukiwa kwenye beseni.

Tulifika saa tisa kamili. Shemeji alikuwa amejiandaa: maji ya moto, vitambaa safi, koleo, sabuni, kamba. Muuza Maji alikuwepo, kofia mkononi kama yuko hospitalini. Nilikabidhiwa kamba, nikaambiwa nimshike punda kichwani. Nilikubali kwa sababu nilitaka nionekane nimo.

Daktari alifungua mkoba. Shemeji akasogeza beseni. Daktari akatoa karatasi kumi na nne.

Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba kabla ya kuuliza punda ana nini, yatupasa tujiulize ni nani anayeuliza. Muuza Maji alisema ni yeye. Ukurasa wa pili ulizungumzia mguu kama fikra. Muuza Maji alimnong'oneza shemeji kama hayo ndiyo maelekezo ya dawa, na kama ni ya kunywa au ya kupaka.

Shemeji alinigeukia. Alisema neno moja tu, "Shemeji." Sijawahi kusikia likitamkwa polepole namna ile.

Nikaeleza kwamba ni daktari na ni wa wanyama. Akauliza amewahi kumtibu nani. Daktari mwenyewe, kwa uungwana wake, akasema hajawahi kumtibu yeyote, na kwa kweli hajawahi hata kumgusa punda. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Akaanza kukunja karatasi.

Muuza Maji akasema basi, ndiyo yameisha, atampeleka kesho kwa mtu wa ngozi, hakuna haja ya kungoja Jumamosi. Alimfuta punda uso kwa kofia. Alisema ni punda wake, uchungu ni wake pia, lakini madumu hayajibebi.

Daktari aliacha kukunja. Akamuuliza amesemaje. Punda wa nani? Muuza Maji akasema, punda wangu. Daktari akasema, tena bila kusoma popote, kwamba yeye ameandika sura nzima juu ya neno hilo. Kwamba sisi husema punda wangu kama tunavyosema mtoto wangu, mke wangu. Hatusemi punda yangu kama meza yangu. Lugha ilishampa punda kiti cha mtu zamani, sisi ndio tunamsimamisha. Halafu, kwa bahati mbaya, akatafuta mfano wa upande wa pili. Akasema hata ndugu wengine hawakupata heshima hiyo. Mathalani shemeji. Shemeji yangu, meza yangu.

Muuza Maji alinitazama mimi na kamba yangu. Akauliza, kwa hiyo huyu na meza ni kitu kimoja? Shemeji akasema meza ukiiuliza swali haikudanganyi.

Walicheka wote watatu. Sikuona cha kuchekesha.

Kisha Muuza Maji akamgeukia punda. Akasema miaka minane anasema punda wangu kutwa nzima, na hajawahi kujisikiliza. Akafungua tandiko la mkokoteni mgongoni mwa punda, akalitupa pembeni. Akasema mtu wa ngozi atangoja.

Shemeji akamwambia Daktari kwamba kwa kuwa amekuja, na mikono anayo, ashike mguu. Daktari akavua koti. Aliweka kiganja begani kwa punda kama mtu anayepima joto la pasi, na kiganja hakikutoka tena. Wakainama pamoja. Daktari akasema sura ya tano ina mchoro wa kwato, na huu mstari mweusi hapa kando haumo kwenye mchoro. Shemeji akasafisha, akaingiza koleo, akavuta. Msumari. Mrefu kama kiungo cha kidole gumba. Usaha ukafuata.

Punda, kwa mara ya kwanza tangu tufike, alisogea. Ana miguu mitatu mizima, na katika yote mitatu aliyoweza kuitumia aliuchagua wa kushoto mbele, akauweka juu ya wangu. Akatulia hapo. Nilipopiga kelele shemeji alisema nisimshtue mgonjwa.

Walibaki wanaongea, Daktari na shemeji, kwenye yale matope, juu ya kwato. Daktari aliuliza, shemeji akajibu, kisha shemeji akauliza. Nadhani wamesahau kuniaga.

Tathmini: mambo yanakwenda vizuri. Pande mbili zimeunganishwa. Zilikutana kwangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kiatu cha kushoto hakikuingia. Nimekwenda mguu mmoja kiatu, mmoja ndala. Nimechelewa dakika ishirini na nina hotuba ya kurasa nne mfukoni hadi sasa. Haijasomwa.

Nilipoingia shemeji alikuwa amesimama mbele ya Mkuu wa Kitivo, msumari juu ya meza. Daktari yuko pembeni yake, viatu vina matope, anaonekana kijana. Walikuwa wakisema kwa zamu, mmoja anamalizia sentensi ya mwingine. Daktari wa wilaya amerudi na ameuona mguu asubuhi. Utapona. Lakini punda anahitaji siku kumi za kulala pakavu, na ua wa Chama ni tope tupu.

Mkuu akauliza kama kitivo kina nafasi yoyote ya chini, kavu, yenye hewa.

Mkutubi akanyoosha mkono. Alinyoosha kabisa, tai ikapanda. Akasema ipo namba tano. Viti vyote vimeshatolewa, sakafu imepigwa deki mara mbili, dirisha limefutwa na nje kuna majani. Akasema hajui ni nani mwenye roho nzuri aliyefanya kazi hiyo. Alikuwa ananitazama.

Ningefanya nini? Nikasema ni mimi. Nikapigiwa makofi.

Kuhusu uratibu, Mkuu akasema hauoni umuhimu wake tena, kwa kuwa watu waliokwisha kufahamiana hawana haja ya mtu wa kuwafahamisha. Shemeji na Daktari watakutana kila Alhamisi. Mimi, kama karani, nitaweka kumbukumbu za mgonjwa asubuhi na jioni, pamoja na kinachotoka.

Saa nane punda aliingia namba tano. Alizunguka mara moja, akaenda moja kwa moja dirishani. Kibao hakijaondolewa. Kila anayepita huchungulia, humwita Mratibu, na humsalimia bila haraka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mratibu amekula vizuri. Kinachotoka: cha kawaida.

Muuza Maji huja saa saba, hukaa naye nusu saa, huondoka. Leo amenipa mkono. Mke wangu amesema wiki iliyopita ingenifundisha kitu kama ningekuwa na pa kukiweka. Nimekubaliana naye kwamba nafasi ni finyu, ndiyo maana nataka chumba.

Nimepiga hesabu ya siku. Punda anatoka Jumatatu ijayo. Namba tano itabaki tupu, na kibao kipo.

Halafu saa kumi shemeji alipita mezani kwangu, ameshika boksi lenye matundu. Hajaniangalia sana tangu Alhamisi. Ndani kuna kunguru, bawa limevunjika. Daktari wa wilaya amesafiri tena. Aliuliza, bila matumaini makubwa, kama ninamjua mtu yeyote mwenye ujuzi wa ndege.

Nikafikiri.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amestaafu mwaka jana. Ametengeneza ndege miaka ishirini na sita, pale uwanjani. Mabawa hasa ndiyo yalikuwa kazi yake.

Nimemwambia ninaye. Anakuja kesho saa tisa na vifaa vyake.

Sikusema uongo.