Samaki Watano wa Papa Omer

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1986

Asante Mungu! Papa Omer amenipa sanduku la kioo, na samaki watano wa mistari ndani ya ndoo. Yeye njo anatuma samaki wa ziwa letu Ulaya kwa ndege. Kule hawawali, wanawaangalia tu! Anatafuta mulinzi mumoja. Tuko wawili: mimi na jirani yangu Évariste, muvuvi, naye amepewa watano. Tarehe 27 Papa Omer atapita. Mwenye samaki wazima, kazi ni yake.

Kazi hii naitaka sana. Miezi nane tangu watu wa reli waniachishe kazi. Muke wangu Adrienne anatulisha kwa mikate anayokaanga. Binti yetu Elisabeth amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval, pesa ya masomo hatujalipa. Anashinda mulangoni na daftari lake, anasoma yaleyale.

Papa Omer ametuonya: maji mapya ni mabichi, yanataka mwezi yakomae. Eti kuna vidudu visivyoonekana, vinaota juu ya mawe na kula uchafu wa samaki. Tuweke maji ya ziwa na mawe ya ziwa, tusioshe kitu, basi. Nimeitika ndiyo, ndiyo. Vidudu! Mimi niliyesafisha mabehewa ya treni ya Kabalo miaka kumi na tisa! Évariste afuate hayo. Nitamushinda kwa usafi.

Jumatano, tarehe 5

Nimechemsha maji yote. Mawe pia. Makaa ya Adrienne yamekwisha na hakununa. Namushukuru Mungu kwa muke huyu.

Samaki wanatoa midomo juu ya maji, wanatweta. Mumoja amekufa. Adrienne amemukaanga. Mudogo, lakini mutamu.

Jumamosi, tarehe 8

Salongo, usafi wa lazima wa kila Jumamosi! Firimbi ya chef wa kata, watu wote nje na mafagio. Nimefyeka, nimefagia, kisha nimemwaga maji ya samaki na kusugua kioo kwa javel, ile dawa kali ya kuondoa madoa. Chef amepita, amesema citoyen huyu ni mufano kwa kata nzima. Kwa Évariste ametikisa kichwa: maji ya kijani, mawe yana utelezi. Nimefurahi. Mungu anisamehe.

Jumapili, tarehe 9

Wawili wamekufa. Wamebaki wawili. Ole wangu!

Jumatano, tarehe 12

Maji meupe kama ya kuloweka mihogo. Nimechungulia dirishani kwa Évariste kutafuta siri yake. Amenikamata nikichungulia! Akanivuta ndani, akanisogezea bugali na sombe ya majani ya mihogo. Nimeuliza dawa yake. Eti hana dawa, hafanyi kitu. Kisha ametoa jiwe moja la utelezi kwenye sanduku lake, amelifunga kwa jani la ndizi: niliweke kwangu, maji yatatulia.

Mutego! Nani anamusaidia mupinzani wake? Nimeshukuru sana, nimekula sana, jiwe nimelitupa nyuma ya jiko.

Alhamisi, tarehe 13

Javel imepotea! Nimetafuta nyumba nzima. Adrienne anasema labda panya.

Ijumaa, tarehe 21

Maji yametakata. Samaki wawili wanafukuzana kama watoto. Kumbe Salongo ilitaka muda tu! Nimemueleza Adrienne. Anacheka peke yake, sijui nini.

Alhamisi, tarehe 27

Papa Omer amepita. Wangu wawili, wazima. Ametumbukiza mukono, akatoa jiwe la utelezi, akasema hili njo limekuokoa. Lile jiwe! Adrienne akakubali: aliliokota siku ileile, akalificha nyuma ya jiwe kubwa. Na javel iko ndani ya gunia la unga.

Évariste anao wote watano. Nikajua nimekwisha. Sikuweza kumutazama Elisabeth.

Lakini Évariste akasema yeye ana mutumbwi na nyavu. Kazi apewe Papa Elisabeth, ndiyo mimi, mutoto arudi masomoni. Papa Omer akakubali. Nimelia mbele ya watu wote! Nimemukumbatia na harufu yake yote ya ndagala. Na mimi nilimuita mutu wa mitego!

Jumamosi, tarehe 29

Salongo ya kuamkia Pasaka. Évariste yuko ziwani mpaka jioni. Mutu mwema namna ile nimulipe nini? Nimefikiri asubuhi yote. Jambo moja nimeelewa: si utelezi ulioniokoa, ni moyo wa Évariste.

Adrienne alipokwenda soko, nimetoa javel kwenye gunia la unga. Nimeingia kwa Évariste. Maji ya kijani nimemwaga yote. Mawe nimesugua moja moja mpaka yakawa meupe. Kioo kinang'aa, najiona hadi meno. Nimejaza maji mapya, yaliyochemshwa vizuri, nikawarudisha samaki wake. Wote watano wametoa midomo juu ya maji. Wanashukuru.

Nimekaa mulangoni kwake, namungoja. Nataka nione uso wake.