Mfuniko wa Sufuria la Mtaa

Magongo, Jumapili, mwezi wa Mei 1961. Mvua tangu alfajiri. Ilikatika saa nne, jua likatoka kama halihusiki.

Leo nimevuliwa nguo mbele ya mtaa mzima. Aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Naandika upesi kabla sijaanza kujitetea. (Nikijitetea huandika vizuri zaidi, na hapo ndipo uwongo huingia.) Shule niliishia darasa la nne, basi nikikosea mambo, daftari hili lisahihishwe na aliyekuwapo. Walikuwapo wote.

Mtaa wetu una ukumbi. Nauita ukumbi kwa heshima tu. Una bati linalovuja kila pahali isipokuwa anapokaa mwenyekiti, mabenchi matano yenye miguu kumi na minane, na ubao wa matangazo unaotukaribisha kwenye mkutano wa mwaka juzi. Nyuma kuna stoo ya vyombo vya mtaa: majamvi, masinia, taa moja ya karabai, na sufuria kubwa la kupikia wali wa arusi na wa matanga. Ufunguo anao Bi. Mwanakombo, mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Sufuria hilo halina mfuniko. Ulipotea siku ya arusi moja mwezi wa Novemba. Na wali bila mfuniko, makaa ya juu utayapalia wapi? Tangu siku hiyo wapishi hufunika kwa majani ya mgomba na gunia, na wali hutoka chini umeungua, juu mbichi. Nimekula matanga matatu nikitafuna kama kuku.

Miezi sita nimewadharau majirani zangu kwa ajili ya mfuniko huo. Nimewatazama mmoja mmoja. Mtu aibe sufuria, nitamwelewa. Lakini mfuniko peke yake! Huyo si mwizi tu, ni mjinga pia.

Na leo nilikuwa na haja yangu, siifichi. Nilitaka Bi. Mwanakombo anyang'anywe ufunguo, nipewe mimi. Mimi ni mtu wa utaratibu. Mimi ndiye niliyepiga nyota ya msumari upande wa ndani wa kila chombo, kijulikane kuwa ni cha mtaa. Nani mwingine angefikiria hilo?

Saa tano tukakutana. Mzee Athmani, mwenyekiti wetu, alifungua kwa dua, kisha akafumba macho. (Kwa haki, huenda alikuwa akifikiri. Ingawa mtu anayefikiri hakoromi.) Nikasimama.

"Ndugu zangu! Mtaa huu una mwizi, na aliyempa nafasi ni mwenye ufunguo!"

Bi. Mwanakombo alikuwa benchi la mbele, lile lenye miguu mitatu, ameketi sawasawa kama haliyumbi.

"Rashidi, mwanangu," akasema, "hata shikamoo?"

Watu wakacheka. Nikaona haya.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Haya, sasa nitukane."

Nikaendelea, lakini sauti ilikuwa imepungua. Nikauliza mfuniko uko wapi.

"Mwanangu, mimi nilikuja kwako mara mbili kwa ajili ya mfuniko huo."

"Naam, ulikuja! Na mara zote mbili nilikueleza namna ya kumkamata mwizi!"

"Ulinieleza. Sikupata pa kutia neno."

Nikaugeukia mkutano, mikono nimeifungua kama wakili. "Mwasikia? Hana jawabu!"

Hapo ningeketi, leo ningekula kwa amani. Sikuketi. Nikataka tupekue nyumba kwa nyumba, siku hii hii. Tena, ili isisemwe napendelea, tuanzie kwangu.

"Wallahi, nikikutwa na chombo cha mtaa, hata kijiko, nisiseme neno humu ukumbini mwaka mzima!"

Otieno, jirani yangu afanyaye kazi bandarini, akainua kichwa. "Mwaka mzima? Mwenyekiti, hiyo iandikwe."

Mzee Athmani akafumbua macho (basi hakuwa amelala, namwomba radhi) akaandika.

Bi. Mwanakombo akasimama. "Rashidi, keti. Tuanzie kwangu mimi. Nakuomba."

Nikadhani anaogopa! Naandika hili ili nilione kila nikifungua daftari. Mama wa watu ananiomba, nami najisemea moyoni: tumemkamata.

Tukatoka. Nilitangulia mimi. Nyuma kamati, nyuma ya kamati wasio na kazi, yaani mtaa. Mke wangu, Saumu, alikuwa uani akikwangua nazi. Akauliza nani kafa.

Wakapekua. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku, juu ya dari. Mzee Athmani akanusa chungu cha achari, sijui alidhani mfuniko umetiwa siki. Hawakuona kitu. Kila mahali waliposema "hakuna" nilizidi kurefuka. Bi. Mwanakombo alibaki mlangoni, hakutaka hata kuingia.

Otieno akajifuta jasho. "Sawa, Bwana Rashidi. Wewe ni msafi. Basi tupatie hata maji ya kunywa."

Mgeni haombi maji mara ya pili nyumbani kwangu. Nikawapeleka mwenyewe kwenye pipa, pale uani. Nikaondoa jiwe ninaloliweka juu kila siku, upepo usije ukafunua. Nikainua bati la kufunikia, nikampa Otieno anishikie, nikachukua kata, nikainama kuchota.

"Bwana Rashidi," akasema Otieno, polepole. "Hii nyota ni ya nani?"

Nikageuka. Alikuwa ameligeuza. Upande wa ndani, ukichuruzika maji, palikuwa na nyota ya msumari. Ncha tano, moja imepinda. Msumari uliniponyoka pale, nakumbuka.

Mimi nina kata mkononi. Maji yananimwagikia miguuni. Sina neno. (Na nilikuwa nimeapa nisiwe nalo.)

Aliyelipata neno ni Saumu, na hakuacha kukwangua nazi.

"Si huo uliokuja nao kichwani siku ile ya arusi, mvua ikinyesha? Nikakuuliza. Ukanambia, weka hapo, kesho naurudisha."

"Na mbona hukunikumbusha?"

"Nilikukumbusha. Ukanambia nisikuchanganye, unamtafuta mwizi."

Sitaandika namna walivyocheka. Mzee Athmani ilibidi ashikwe. Otieno aliuweka mfuniko kichwani, akauzunguka ua kwa mwendo wangu, na kwa haki, mwendo aliupata.

Bi. Mwanakombo hakucheka. Aliuchukua mfuniko, akaufuta kwa leso yake. "Nilikuona ukiondoka nao," akanambia, kwa sauti ya chini. "Nikasema mtu mzima, atarudisha. Nilipokuja nilitaka tumalize sisi wawili."

Mwezi wa Novemba mpaka Mei, lawama zangu amezibeba yeye, ili nisifedheheke. Nami nikamjibu kwa kuitisha mkutano.

Nikamwomba radhi, lakini kwa ishara ya mikono. Akanambia nyumbani kwangu ruhusa kusema, niliapa ukumbini tu. Wakacheka tena.

Ufunguo anao yeye. Mimi nina mwaka wa kunyamaza. Nadhani mtaa ndio utakaofaidika.

Magharibi mvua ikarudi. Bi. Mwanakombo akaleta sahani ya wali aliopika kuujaribu mfuniko, juu amefunika kwa kawa la ukindu. Akasema mlangoni, hata hakuingia: "Kawa ni langu, Rashidi. Nalitaka leo."

Nimelirudisha kabla sijagusa chakula, nimelibana kwapani, kichwa kikalowa chepechepe. Kisha tukala: wali wa nazi kwa mchuzi wa papa, umeiva hadi punje ya juu. Saumu anacheka hadi sasa. Wewe usomaye usicheke, mmoja anatosha.