Hotuba ya Kufunga Semina Kumi na Mbili za Stadi za Kujisomea, Kijiji cha Kyzyl-Archa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kipo pale mbele na naomba tukipigie makofi (makofi). Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Vitengo na Vitengo Vidogo. Mwalimu Mkuu wetu, Mama Burulcha. Wazee mliovaa kofia zenu nyeupe za kalpaki na mliozisahau nyumbani. Na ninyi wanafunzi arobaini na mmoja, watarajiwa wa chuo kikuu: itifaki imezingatiwa, na kwa kuwa imezingatiwa vizuri, nitairudia mwishoni.

Mimi, Egemberdi Jusupov, Naibu Mkuu wa Wilaya anayeshughulikia Elimu, Malisho na Mambo Mtambuka, nimesimama hapa kwa unyenyekevu, unyenyekevu ambao wenzangu ofisini wanakiri hawajauona kwa mtu mwingine, ili kufunga rasmi Semina Kumi na Mbili Shirikishi za Stadi za Kujisomea. (Makofi. Nje, honi ya basi.)

Naisikia honi hiyo. Ni kweli leo ni mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, ni kweli mlango wa chumba cha mtihani huko mjini unafungwa saa nne kamili na atakayechelewa anangoja mwaka mzima, na ni kweli basi lilipaswa kuondoka saa mbili, nusu saa iliyopita. Lakini ndugu zangu, mtihani huja kila mwaka, ufungaji rasmi huja mara moja. (Minong'ono.)

Takwimu zinajieleza. Mahudhurio yalifikia asilimia mia moja na kumi na mbili. Uelewa umepanda kutoka uelewa wa kawaida hadi uelewa endelevu. Mdau mmoja, ambaye ni shemeji yangu, ameniambia bila kuulizwa kwamba wilaya jirani zinatuonea kijicho. (Shemeji anapiga makofi.)

Kuna binti kanyoosha mkono safu ya pili. Huyo ni Aizirek, mtoto wa Tologon mfuga farasi, na mnajionea matunda ya ushirikishwaji, kwani kabla ya semina asingethubutu. Shusha mkono, binti yangu, kwa mujibu wa mwongozo maswali yatapokelewa baada ya chakula, na kondoo ameshachinjwa. Anasema hana swali, anaomba ruhusa ya kwenda. Ruhusa ni mchakato, mwanangu. (Honi, ndefu.)

Hapo hapo sina budi kukemea. Nimearifiwa kwamba tangu theluji ianguke watoto hawa wamekuwa wakijibana kila asubuhi kwenye chumba cha tanuri la kupashia shule joto, wakisomeshana kwa kitabu kimoja kisicho na jalada, Aizirek akiwa ndiye mwalimu, na anayewafungulia mlango ni Bibi Sairake, mfagizi wa ukumbi huu, yule aliyekalia ndoo pale nyuma. Bila kibali, bila mwezeshaji, bila hata bango! Bibi, wewe ndiye mkubwa wetu hapa kwa umri na tunakuheshimu, lakini elimu haitolewi kiholela kando ya makaa.

(Bibi Sairake anasimama.) Keti, Bibi, bado niko ukurasa wa tatu. (Anafungua viganja. Ukumbi mzima unafungua viganja.) Bibi, subiri kidogo.

"Mungu awafungulie njia, wanangu," anasema Bibi, "na mkawahi. Omin." (Wote wanapitisha viganja usoni. Wanainuka.)

Eh, jamani. Nani asiyejua kwamba mkubwa akishaomba dua ya kufunga, kikao kimekwisha, hata kama anayezungumza ni mimi? Mimi ni mtoto wa huku huku, siwezi kuikanyaga dua, na nimepitisha viganja usoni kama ninyi, mmeniona. Lakini kurasa kumi na moja zimebaki! (Viti vinagongana. Aizirek anambusu Bibi mkono, anakimbia. Mama Burulcha anawafuata na orodha ya majina. Basi linaondoka.)

Naendelea, kwa ajili ya kumbukumbu rasmi. Stadi, juu! (Viti vitupu. Bibi Sairake anachukua ufagio.) Kujisomea, mbele! (Shemeji: "Mbele.")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mpiga picha wetu, Kubat, kwa weledi wake wa asubuhi ile moja ya Oktoba, alipowaketisha watoto walewale humu ndani, akawabadilisha makoti na kofia mara kumi na mbili, tukazipata semina zote kabla ya chai. Naishukuru kamati ya Moduli ya Sita, Usimamizi wa Muda, moduli ambayo kwa ufinyu wa muda haikuandikwa, kama ambavyo zile nyingine kumi na moja nazo hazikuandikwa. Na kwa kuwa ripoti inahitaji picha ya ufungaji, Bibi Sairake, nakuomba uweke ufagio chini, ukae kiti kile cha Mheshimiwa Mwakilishi, tupate walau mhudhuriaji mmoja.

("Sogea, mwanangu," anasema Bibi, "nifagie hapo uliposimama.")