Kikombe ni Haki ya Aliyejishinda Mwenyewe

Kibokoni, Mombasa
Machi 1996

Kwa Bwana Bassam,
Mwenyekiti, Chama cha Waogeleaji Watu Wazima

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, wewe na wote wa nyumbani. Mimi maji yangalimo katika sikio la kushoto tangu mashindano ya Jumapili, lakini hayo siyo yaliyonileta. Kilichonileta ni kikombe.

Kama ujuavyo, ulimkabidhi shemeji yangu Amin kwa sababu moja tu, kwamba alifika wa kwanza. Mimi niliyefika wa mwisho ulinipa pole na kipande cha ndimu. Kwa heshima zote, ulikosea mtu. Hoja zangu ni hizi:

1. Amin anazorota. Mwaka juzi alikwenda hadi boyani na kurudi kwa dakika ishirini. Mwaka huu karibu ishirini na tano, na tumbo ndilo lililotangulia kugusa ngazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nanyi mwamsifu kila mwaka. Mimi mwaka juzi nilitumia dakika hamsini, mwaka jana arubaini na tano, mwaka huu thelathini na nane. Nani kati yetu aendaye mbele?

2. Amin aliwashinda watu wasio na mazoezi, mmoja wao daktari wa meno aliyesimama njiani kuzungumza na mgonjwa wake. Mimi nimemshinda Shukri wa mwaka jana, mtu mkaidi sana, namjua tangu utotoni. Amin naye, majini humo humo, alishindwa na Amin wa mwaka jana. Aliyeshindwa hapewi kikombe. Hupewa ndimu.

3. Mpima saa wenu akishafika mtu wa tatu hufunga kazi, akaenda kunawa mikono. Lau si mke wangu Badria kusimama juani na saa yetu ya kengele, historia yangu yote ingepotea. Saa hiyo ndiyo huniamsha kwenda kazini Shimanzi, na haijapata kunidanganya.

4. Mpishi wenu Fondo hupakua pilau watu wangali majini, na kila mwaka azidi kuharakisha. Nilipotoka Jumapili sufuria lilikuwa tayari linasuguliwa. Hili silidai sana, ila liandikwe.

5. Vikombe vya Amin vimepangwa kabatini kwa mama mkwe, na kila Ijumaa mimi huketishwa mkabala navyo. Nimechoka, Mwenyekiti. Nataka mara moja tu Badria anione mimi nimeshika kitu kinachong'aa. Tayari nimeshatandika kitambaa cha kufuma juu ya televisheni, na majirani wameshauliza ni cha nini.

6. Kwa hivyo naomba Amin arudishe vikombe vyote. Matokeo yasomwe upya: wa kwanza mimi, wa pili mimi wa mwaka jana, wa tatu mimi wa mwaka juzi. Na kuanzia mwakani kila mtu aogelee siku yake peke yake, ili tabia hii ya wengine kufika mapema isiendelee kuwasumbua wenziwao.

Wasalimie wanakamati, mpima saa na daktari wa meno. Amin pia msalimie, kwani ni mjomba wa wanangu na sina ugomvi naye nje ya maji.

Wako mtiifu, mwenye haki yake,
Shukri Athmani

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua nimemsomea Badria. Nilipofika hoja ya tatu alicheka mpaka akaketi sakafuni. Asema miaka yote mitatu huisimamisha saa pilau inapoanza kupakuliwa, kwa kuwa hana mkono wa tatu wa kushikia sahani, na wakati huo mimi huwa bado kule mbali, kichwa kama kifuu. Basi dakika zile si zangu, ni za Fondo. Yeye ndiye aliyejishinda miaka yote hii, na kanuni ni kanuni: kikombe mpeni yeye. Kitambaa nimeshakiondoa. Mwakani nitaogelea tena, ila saa naomba ashike Amin, kwani ndiye pekee nina hakika atakuwa ameshafika.